Nilipima sukari ninayoinywa kwa siku moja hapa Dar, nikanyamaza

#1 Kibatari cha Tabata

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, naishi Segerea, kazi yangu ni stoo moja pale Gerezani. Pombe situmii, sigara niliacha. Mwezi wa tano nilipima afya kwenye zahanati ya mtaani, nimefunga tangu usiku, mashine ikasoma sukari ya damu 6.4. Daktari akasema kisukari bado, kwa mtu aliyefunga mstari ni 7.0 kwenda juu, "lakini umeshafika barazani, kilichobaki ni kuvua viatu uingie." Akaniuliza sukari natumia kiasi gani. Nikajibu kifua mbele: mimi si mtu wa vitu vitamu, keki sili, biskuti sili, hata pipi.

Akauliza: "Na unakunywa nini?"

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Mdogo wangu anaoka keki za oda, ana kile kimzani kidogo cha jikoni. Nikakiazima Jumamosi nzima.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu 4. Kijiko kama tunavyochota nyumbani, chenye kilima, kilisoma 7. Mke wangu hutia vijiko 12 vya namna hiyo kwenye sufuria ya vikombe sita, pamoja na majani na iliki, ndipo chai inamiminwa kwenye chupa. Yaani viwili kila kikombe. Mimi nikikaa mezani naongeza kimoja juu yake, mkono tu una mazoea, wala sijaonja. Vikombe viwili: gramu 42 kabla sijapanda daladala.

Mchana na wali wangu, soda ya kola ya 350. Lebo inasema gramu 10 na ushei kwa kila mililita 100, piga hesabu: 37. Jioni nikishuka Buguruni kubadilisha gari, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Ile sikuweza kuiweka kwenye mzani, lakini maji ya miwa huwa na sukari gramu 13 hadi 15 kwa mililita 100, kwa hiyo glasi ya 300 niliiandikia 40.

Jumla 119. Nikapima gramu 119 za sukari halisi, nikazimimina kwenye kikombe cha chai, zikapita nusu. Kwa mwezi ni kilo tatu na nusu, za kunywa tu, za mtu mmoja asiyependa vitamu. Mke wangu alipita, akaangalia kikombe, akasema, "Ndiyo maana kopo langu halifiki tarehe 20." Sikumkumbusha kwamba soda na miwa havikutoka kwenye kopo lake. Haikuwa siku ya kubishana.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ukiweza kushuka hadi 25, vijiko sita vya kusawazisha, ni bora zaidi. Na wanahesabu asali na juisi za matunda humo humo. Tunda zima ukilitafuna halimo.

Kilichoniuma zaidi ya namba ni kwamba katika zile 119, nilizotia kwa mkono wangu ni 14 tu. Nyingine zote nilitiliwa. Mke, kiwanda, kijana wa miwa mwenyewe bila kutia kitu, maana muwa umekuja nayo. Nikisema "napenda chai yenye sukari" nasema uongo, mimi nakunywa ilivyokuja.

Sasa naambiwa kuna asali, kuna vidonge vya utamu, kuna majani ya stevia, kuna soda ziro. Waliopita njia hii mlifanyaje?

#2 Fundi Rangi

Mkuu utakufa na mzani mkononi. Babu yangu alikunywa chai ya vijiko vinne mpaka akatimiza 94, meno yote mdomoni.

#3 Kibatari cha Tabata

> Fundi Rangi: babu yangu alikunywa chai ya vijiko vinne mpaka akatimiza 94

Babu yako alitoka Kisarawe na mihogo kichwani, akauza, akarudi kwa mguu. Wewe kutoka Sinza Makaburini hadi Sinza Mori unapanda bodaboda.

#4 Mnyamwezi Halisi

Asali, ndugu yangu. Tupa sukari yote, weka asali ya Tabora, ile ya miombo. Asali haina madhara hata unywe chupa nzima, ni dawa iliyoandikwa kwenye vitabu vyote viwili. Mimi nina mizinga nyumbani, nikuletee lita?

#5 Mfamasia wa Zamu

Mnyamwezi, shikamoo kwa asali yenu, mimi mwenyewe naitumia kwenye kikohozi. Ila tusidanganyane kwenye uzi wa mtu aliyeko barazani. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, iliyobaki karibu yote ni maji. Kijiko kimoja cha kulia chakula kina sukari gramu 17 hivi. Faida yake ni kwamba ni tamu zaidi kidogo, kwa hiyo mtu mwangalifu hutia pungufu. Mtu asiye mwangalifu hutia zaidi kwa sababu ameambiwa ni dawa, na hao ndio ninaokutana nao dirishani. Na wenye vichanga: asali si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kulambishwa kwa kidole, kuna vimelea ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Sukari ya kahawia nayo, kabla hamjaniuliza, ni sukari. Imebakiza masalia kidogo ya miwa yanayoipa rangi na harufu. Sukari guru vivyo hivyo.

Sasa vile vitamu visivyo sukari. Viko vya aina nyingi. Sakarini ndiyo mkongwe, iligunduliwa 1879. Aspatemi ndiyo inayojaa kwenye soda ziro nyingi, ni tamu kuliko sukari mara 200 hivi. Sukralozi mara 600. Stevia inatokana na mmea wa Amerika ya Kusini, Waguarani wa Paraguay walikuwa wanautia kwenye vinywaji vyao muda mrefu kabla sisi hatujausikia. Mambo matatu tu nitasema:

Kwanza, aspatemi haipendi moto. Ukiichemsha na chai sufuriani utamu unapotea, utadhani umeuziwa feki. Itie kikombeni chai ikipoa kidogo.

Pili, kale ka-unga ka stevia ka kijiko usikachote kama sukari bila kusoma nyuma ya pakiti. Mengi yamejazwa glukosi au wanga uliosagwa ili unga uonekane mwingi, stevia yenyewe ni chembe.

Tatu, kelele za saratani. Julai 2023 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka aspatemi kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, ushahidi ukiwa hafifu. Siku hiyo hiyo kamati ya vitu vinavyoongezwa kwenye vyakula ikaacha kiwango kile kile cha zamani, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo kama tisa hadi 14 ya soda ziro kila siku kukivuka. Ukinywa makopo tisa ya kitu chochote una tatizo lingine. Waliozaliwa na ugonjwa wa PKU, ule wa kurithi ambao mwili hauwezi kuvunja sehemu moja ya aspatemi, ndio wanaotakiwa kuikwepa kabisa, na lebo huwa inawaonya.

Lakini Mei mwaka huo huo shirika lilisema jambo ambalo halikupigiwa kelele: vitamu hivi, stevia ikiwemo, visitegemewe kama njia ya kupunguza uzito, kwa muda mrefu havijaonyesha kusaidia. Walioshagundulika na kisukari hawakuhusishwa kwenye ushauri ule, wao wazungumze na daktari wao.

Kwa hiyo Kibatari, kidonge kitakutoa kwenye zile 42 za asubuhi. Ulimi wako kitauacha pale pale.

#6 Fundi Rangi

Mfamasia umeandika kama unalipwa kwa neno. Nimesoma yote lakini.

#7 Muuza Ukwaju

Nimeusoma huu uzi jana usiku nikageuka upande wa pili kitandani. Leo naungama.

Nauza juisi Mbagala Rangi Tatu mwaka wa sita sasa. Ukwaju, rozela, ubuyu, msimu wa embe naongeza embe. Wateja wangu wengi wananiambia wameacha soda, "za kiwandani zina kemikali, nakuja kwako kupata cha asili." Mimi nacheka, nasema karibu.

Ndoo yangu ya ukwaju ni lita 20. Naloweka usiku, asubuhi nafikicha, nachuja mara mbili, nachemsha na iliki. Sukari naweka kilo mbili na nusu. Nimekaa na simu jana nikapiga hesabu kwa mara ya kwanza maishani: gramu 125 kwa lita. Chupa ya nusu lita ni gramu 62. Soda ya Kibatari ni 37.

Na si kwamba napenda, sukari ndiyo inayonila faida. Ila ukwaju ni mchachu, ukipunguza mteja anakunja uso mbele ya wenzake na hao wenzake wanaenda kwa jirani yangu. Niliwahi kujaribu kilo moja na nusu. Dada mmoja akaniambia, "Kaka, leo umeosha ndoo ukatuuzia?"

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, kilo ikafika 4,000 na kupita, nilifanya kitu kingine. Nilinunua ule unga wa sakarini, kapakiti kadogo, nikaweka sukari nusu na huo unga ncha ya kijiko. Utamu ulikuwepo, tena mwingi. Lakini ukishameza, nyuma ya ulimi kunabaki kitu kama umelamba funguo. Sikumwambia mtu. Wateja hawakujua ni nini, walijua tu kuna kitu. Wiki ya pili ndoo inabaki robo, nikaacha.

Tangu jana nafikiria kuweka ndoo mbili. Moja ya kawaida, moja ndogo ya sukari nusu, niandike kabisa kwa maka pen. Nitaleta mrejesho.

#8 Binti Tandika

Muuza Ukwaju umenifanya nicheke na kuogopa kwa pamoja. Mimi naleta la upande wa pili, maana naona kila mtu hapa anaikimbia sukari kama mwizi.

Mama yangu ana kisukari miaka minane, anameza vidonge vya glibenklamaidi. Mwaka juzi sisi watoto tulikutana tukaamua nyumba isafishwe. Sukari hakuna, kopo likaoshwa likawekwa maharage. Soda ni ziro tupu, kreti nzima chini ya meza. Tulijiona tumesoma.

Siku hiyo ni Ramadhani imekwisha, mama anafunga sita. Alasiri nimefika namkuta amekaa kwenye mkeka, kanga imeloa jasho mgongoni na feni inapepea. Mikono inatetemeka. Namsalimia shikamoo mama, ananijibu habari za kuku ambao tuliwauza 2015. Nikajua ni sukari, ila sikujua imepanda au imeshuka. Nikakumbuka niliwahi kusikia "mpe soda." Nikachukua soda ziro, nikamnywesha chupa nzima. Nasubiri. Anazidi kulegea.

Jirani yetu, mama wa Kimakonde anayekaanga mihogo, alisikia ninavyopiga kelele akaja na sukari kwenye kiganja. Kiganjani hivi hivi. Akauliza kikombe kiko wapi, akakoroga na maji, akamnywesha polepole. Kama robo saa hivi mama akaniangalia akasema, "Wewe, umefika saa ngapi?"

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, na hakuna chembe ya sukari ndani. Kopo tulilirudisha siku ile ile, maharage tukayapika.

#9 Mfamasia wa Zamu

Dada pole sana, na huyo jirani mnunulie doti ya kanga. Kwa faida ya wengine: anayemeza vidonge vya aina hiyo au kuchoma insulini, akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiongea yasiyoeleweka, mpe sukari ya kweli. Vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, au soda ya kawaida nusu chupa. Subiri dakika 15, pima kama una mashine, rudia kama bado. Ziro haina cha kumpa. Akiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Na akipata nafuu ale kitu, pia amwambie daktari, hasa kama anapenda kufunga. Dozi huwa inapangwa upya mapema kabla ya mfungo.

#10 Babu wa Kijiweni

Vijana salamuni. Mimi naketi kijiweni Ilala tangu Karume ni uwanja wa vumbi. Kila jioni muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vinagongana, tunakunywa kahawa kama dawa ya mwarobaini. Hakuna anayeuliza sukari iko wapi. Ukiuliza utachekwa mpaka uhame kijiwe. Watu hao hao, nawajua kwa majina, asubuhi wakipewa chai ya kijiko kimoja wanamwita mke jikoni kumuuliza kama sukari imeisha.

Ulimi ni ule ule. Sasa mnaniambia hauwezi?

(Kashata tusiizungumze.)

#11 Mama Wawili

Babu umeua. Mimi nachangia la nyumbani kwa sababu wanaume mnaandika kama chai inajipika.

Kwetu tuliacha kutia sukari sufuriani. Ndiyo hilo tu. Chai inakuja kavu kwenye chupa, kopo linakaa mezani na kijiko kidogo cha kahawa, si kile kikubwa. Wiki ya kwanza baba watoto alinuna. Ukimtilia mtu anakunywa tatu, ukimwachia atie mwenyewe anaona aibu baada ya mbili. Nikaongeza tangawizi, mchaichai na mdalasini kidogo, hivyo vinaudanganya mdomo kuwa kuna kitu. Kila baada ya wiki mbili tulishusha nusu kijiko. Ukishusha kwa mpigo utarudi mbio.

Tabu ni wageni. Mgeni ukimpa chai kavu anasimulia mpaka kwao kwamba nyumba ile wana dhiki. Kwa hiyo mgeni namuuliza mapema, "nikutilie ngapi?", na kopo namsogezea kwa mikono miwili, aone si uchoyo.

Watoto ndio wagumu zaidi. Zile juisi za unga za kukoroga nimezikata, nawapa chungwa walile na nyuzi zake. Kukamua glasi moja unamaliza machungwa matatu manne, nyuzi zote unatupa, mtoto anameza kwa dakika moja kitu ambacho angekitafuna nusu saa. Dafu Jumapili, lile halina sukari nyingi kama soda. Ila mama mkwe ana figo na daktari alimkataza madafu kwa sababu ya potasiamu, kwa hiyo hata dafu si la kila mtu.

#12 Fundi Rangi

Mama Wawili, baba watoto wako anajua uko humu?

#13 Muuza Ukwaju

Mrejesho. Ndoo ndogo ya sukari nusu, lita tano, nimeiweka siku kumi. Jumatatu inaisha ya kwanza kabla ya saa nane, wanaonunua ni dada wa benki na wale wazee wa stendi. Jumatano inasuasua. Ijumaa jioni inabaki kama nilivyoileta, watu wameshapokea hela za wiki, hawataki mambo ya sukari nusu. Naiendeleza Jumatatu hadi Alhamisi.

Yule dada wa "umeosha ndoo" ananunua hii hii sasa. Hajui ina sukari pungufu hata ya ile ya kilo na nusu ya zamani, imeandikwa tu.

#14 Kibatari cha Tabata

Wakuu, miezi mitatu imepita, nilikuwa nasoma kimya. Naleta mrejesho kama nilivyoahidi inboksi.

Sikununua asali wala vidonge. Mnyamwezi usinune, lita nitachukua ya kikohozi. Nilichukua njia ya Mama Wawili, sufuria kavu, kopo mezani. Siku ya kwanza niliionja chai ya mke wangu kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nikagundua anaweka pilipili manga. Miaka 14 sijui.

Sasa niko kijiko kimoja cha kusawazisha kwa kikombe. Soda nimebakiza ya Jumapili. Miwa ndiyo imenitesa, maana pale Buguruni ile harufu ya ndimu na tangawizi inakukamata kabla hujashuka. Nimemwambia yule kijana anipe kile kiglasi kidogo mara mbili kwa wiki, bei nalipa nusu, ananitazama kama nimefilisika. Ziro nilijaribu wiki mbili. Mimi binafsi ilinifanya nitamani andazi saa tano asubuhi, labda ni akili yangu tu, nikaiacha.

Kazi kubwa ilikuwa kwa mama ntilie pale kazini. Birika lake lina sukari tayari tangu alfajiri, hakuna mjadala. Nikamwomba anitengee kikombe kabla hajatia. Siku ya kwanza akaniuliza kama naumwa. Ya pili akauliza kama mke amenifukuza. Ya tatu akaanza kuniita Baba Pembeni, na jina limeshika stoo nzima, hata bosi analitumia. Wiki iliyopita nimekuta birika mbili kwenye jiko lake. Nikamuuliza ya pili ya nani. Akasema, "Yenu. Mko saba sasa, mnanisumbua."

Nimepima Jumanne nikiwa nimefunga: 5.8. Uzito umeshuka kilo tatu, ila na mimi siku hizi nashuka kituo kimoja kabla na kutembea, kwa hiyo siwezi kuipa chai sifa zote. Daktari kasema nirudi baada ya miezi sita.

#15 Babu wa Kijiweni

Hongera Baba Pembeni. Na kashata?

#16 Kibatari cha Tabata

Babu, ulisema tusiizungumze.